Mizani na Haki Yake



Maneno yetu ya leo ni juu ya kusawazika kwa vitu: kwa sababu gani mti wenye mizigo miwili hutulia juu ya bega la mchukuzi, na kwa sababu gani ulimi wa mizani husimama wima, usielekee huku wala huku. Huenda mtu akasema moyoni mwake, "Hayo ni mambo ya walimu na mafundi, mimi ni mkulima, yanihusu nini?" Twamjibu ya kuwa yamhusu sana. Kila auzapo mazao yake huyatia katika mizani, na asiyejua mizani inavyofanya kazi hana budi kuamini analoambiwa. Lakini ajuaye aweza kuijaribu mwenyewe, bila ya kugombana na mtu, akaijua kuwa ni ya kweli au ya uongo. Basi twende polepole, tuanze na vitu vya kila siku, mpaka tufike kwenye mizani yenyewe.

Mtazameni mtu achukuaye maji kwa mzega. Ana mti mmoja begani, na ndoo moja huku na ndoo moja huku. Ikiwa ndoo zote mbili zimejaa sawasawa, bega lake hukaa katikati ya mti. Sasa mwageni nusu ya maji ya ndoo moja. Papo hapo mti utalala upande wa ndoo iliyojaa. Je, mchukuzi atafanya nini? Hatamwaga maji ya ndoo ya pili. Atasogeza mti begani, hata bega likaribie ndoo nzito, na ile nyepesi iwe mbali. Na mti utatulia tena. Hakufundishwa hesabu, lakini amefanya hesabu kwa bega lake.

Na tuifanye hesabu hiyo kwa tarakimu. Tuseme ndoo nzito ina uzito wa kilo 20, na nyepesi kilo 10, na urefu wa mti tangu ndoo hata ndoo ni sentimita 150. Uzito wa mti wenyewe tuuache kwanza, maana ni mdogo. Mti utatulia bega likiwa mbali na ndoo nzito kwa sentimita 50, na mbali na ndoo nyepesi kwa sentimita 100. Zidisheni: 20 mara 50 ni 1,000. Na upande wa pili, 10 mara 100 ni 1,000 vilevile. Uzito si sawa, na umbali si sawa, lakini uzito ukizidishwa kwa umbali, pande zote mbili ni sawa. Hii ndiyo siri yote. Atakayeishika hii ameshika mlango wa elimu ya mizani, na mengine yote yatamfuata.

Mahali mti unapokalia, yaani pale begani, twapaita egemeo. Ule umbali wa tangu egemeo hata penye mzigo twauita mkono. Na hicho kipatikanacho kwa kuzidisha nguvu kwa mkono wake twakiita nguvu ya kugeuza, kwa sababu ndicho kinachotaka kuugeuza mti, kila upande kwa njia yake. Nguvu ya kugeuza ya upande mmoja ikishinda ya upande wa pili, mti huanguka upande wa ile iliyoshinda. Zikilingana, mti hutulia.

Wanafunzi wasiamini neno hili kwa sababu twalisema sisi. Na walijaribu. Twaeni ufito ulionyooka, urefu wake sentimita 100, mwufunge uzi katikati, mwuning'inize. Usipolala sawa, sogezeni uzi kidogo mpaka ulale sawa. Kisha twaeni sarafu za namna moja, zenye uzito mmoja. Ning'inizeni sarafu mbili pamoja upande wa kushoto, umbali wa sentimita 20 kutoka kwenye uzi. Upande wa kulia ning'inizeni sarafu moja tu, na kuisogeza polepole. Mtaona ufito watulia sarafu hiyo ifikapo sentimita 40. Jaribuni tena kwa sarafu tatu na moja, au tatu na mbili, na kabla ya kujaribu kadirieni jibu kwa hesabu. Jibu na jaribio likipatana, elimu hiyo ni mali yenu, hapana awezaye kuwanyang'anya.

Lakini kuna neno moja katika habari ya umbali, nalo huwakosesha wengi. Umbali haupimwi kwa njia yoyote tu; hupimwa tangu egemeo mpaka kwenye mstari ambao nguvu yaufuata, na kipimo chenyewe kikutane na mstari huo kwa pembe mraba. Mfano ulio wazi ni baiskeli. Mkono wa pedeli una urefu wa sentimita 17 hivi. Pedeli ikiwa mbele, na mkono wake umelala, ukikanyaga kwenda chini nguvu yako yote hugeuza gurudumu, kwa kuwa mstari wa nguvu u mbali na egemeo kwa sentimita 17 kamili. Lakini pedeli ikiwa juu kabisa, na mkono wake umesimama wima, kanyaga utakavyo kwenda chini, hutaendelea hata hatua moja. Kwa nini? Kwa kuwa mstari wa nguvu yako wapita katika egemeo lenyewe. Umbali wake ni sifuri, na nguvu yoyote ikizidishwa kwa sifuri ni sifuri. Ndiyo sababu mpanda baiskeli, kabla ya kuondoka, huiweka pedeli mbele kidogo ndipo akanyage.

Mlango nao ni vivyo hivyo. Usukume karibu na bawaba, utaona uzito. Usukume penye kitasa, mtoto mdogo aufungua. Na fundi akishindwa kulegeza nati iliyoshika kutu kwa spana fupi, hutafuta bomba la chuma alichomeke kwenye spana ili mkono uwe mrefu. Nguvu ya mkono wake ni ile ile. Lakini mkono wa spana ukitoka sentimita 20 kufika sentimita 40, nguvu ya kugeuza imekuwa mara mbili.

Sasa tutazame sharti la pili la kusawazika. Watu wawili wachukua mzigo wa kilo 60 kwa mpiko, mmoja mbele na mmoja nyuma, na tangu bega hata bega ni sentimita 200. Mzigo ukining'inia katikati, kila mmoja achukua kilo 30. Lakini mzigo umeteleza ukakaa sentimita 50 tu kutoka kwa yule wa mbele. Kila mmoja achukua kiasi gani?

Fanyeni bega la mtu wa mbele kuwa egemeo. Mzigo wataka kuugeuza mti chini kwa nguvu ya 60 mara 50, yaani 3,000. Bega la mtu wa nyuma lauzuia usigeuke, nalo liko umbali wa sentimita 200. Basi gawanyeni 3,000 kwa 200, mtapata 15. Mtu wa nyuma achukua kilo 15 tu. Na wa mbele je? Mzigo wote ni kilo 60, nao haupotei hewani: kilichobaki, kilo 45, ki juu ya bega lake. Hapa twaona masharti mawili. La kwanza, nguvu zote zivutazo chini sharti zilingane na nguvu zote zisukumazo juu: 15 na 45 ni 60. La pili, nguvu zote za kugeuza huku sharti zilingane na za kugeuza huku. Masharti haya mawili yakitimia, kitu kilichotulia hakianguki wala hakigeuki. Likikosekana moja, hakitulii.

Na kwa hesabu hiyo hiyo, mzee na kijana wakichukuliana mzigo, na tuusogeze mzigo upande wa kijana. Hii ni adabu, na tena ni elimu.

Mambo haya si mapya. Archimedes wa mji wa Syracuse, katika kisiwa cha Sicily, aliyeuawa mwaka 212 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa, aliandika kitabu juu ya kusawazika kwa vitu, akaeleza kwa hoja ya kuwa mizigo miwili husawazika ikiwa umbali wa kila mmoja wapungua kwa kadiri uzito wake unavyozidi. Na katika mwaka 1121 mwanachuoni al-Khazini, aliyekaa mji wa Merv, aliandika kitabu kikubwa kiitwacho Mizani ya Hekima. Humo alieleza mizani ya kupimia vitu hewani na majini, ili kutambua dhahabu safi na ile iliyochanganywa na madini mengine. Watu hawa walijua ya kuwa mizani si chombo cha biashara tu. Ni shahidi, na shahidi naye yafaa ahojiwe.

Basi na tumhoji shahidi huyo. Mizani ya vitanga viwili ina mtange, yaani ule mti au chuma kilicholala; ina egemeo katikati; na ina kitanga kila mwisho. Upande mmoja hutiwa bidhaa, na upande wa pili mawe ya mizani. Mtange ukitulia, twasema bidhaa ina uzito sawa na mawe. Lakini ninyi mmekwisha jua ya kuwa mtange hautulii kwa usawa wa uzito, bali kwa usawa wa nguvu za kugeuza. Basi neno letu la uzito ni kweli ikiwa mikono miwili ina urefu mmoja tu. Mikono isipolingana, mizani itatulia, na itasema uongo huku imetulia.

Tuseme mkono wa upande wa bidhaa una sentimita 24, na mkono wa upande wa mawe una sentimita 25. Tofauti ni sentimita moja, kama upana wa kidole kidogo, jicho halitaiona. Mkulima ametia kitangani bidhaa ambayo uzito wake wa kweli ni kilo 25. Zidisheni: 25 mara 24 ni 600. Upande wa pili, ili ipatikane 600 kwa mkono wa sentimita 25, yatosha kutia mawe ya kilo 24. Mtange watulia. Mnunuzi asema, "Kilo ishirini na nne," na wote wameona kwa macho yao. Lakini kilo moja katika kila kilo 25 imekwenda. Katika gunia la kilo 100, ni kilo 4. Katika magunia 25, ni gunia zima. Haba na haba hujaza kibaba, hata kibaba cha mwizi.

Mtu atasema, "Mimi huangalia kwanza mizani tupu, ikilala sawa, najua ni nzuri." Neno hili ni zuri lakini halitoshi. Mwenye mizani aliyekusudia kupunja aweza kuufanya mzito kidogo ule upande wenye mkono mfupi, hata mizani tupu ikalala sawa kabisa. Mizani tupu haina shahada ya kutosha.

Dawa yake ni nyepesi, wala haina gharama: badilisheni pande. Ikiisha kupimwa bidhaa upande huu, ipimeni tena upande wa pili, na mawe yahamie mahali pa bidhaa. Mizani ya kweli itasema neno moja mara zote mbili. Mizani ya uongo itajisaliti. Katika mfano wetu, bidhaa sasa iko kwenye mkono wa sentimita 25: 25 mara 25 ni 625. Gawanyeni kwa 24, mtapata kilo 26 na gramu 42 hivi. Bidhaa ile ile, kwanza kilo 24, kisha kilo 26 na zaidi! Hapana haja ya maneno mengi. Na ikiwa hapana mizani nyingine, uzito wa kweli hupatikana kwa kuzidisha vipimo viwili hivyo na kutafuta kipeuo cha pili cha jibu, nacho ni 25. Asiyejua kipeuo na avijumlishe vipimo viwili na kugawa kwa mbili. Mikono ikiwa karibu kulingana, atapotea kwa gramu chache tu.

Iko na njia ya pili, ambayo huitwa kwa jina la Borda, Mfaransa aliyekuwa baharia na mwanachuoni, akafa mwaka 1799. Tieni bidhaa katika kitanga kimoja. Katika kitanga cha pili tieni mchanga mpaka mtange utulie. Sasa ondoeni bidhaa, mchanga uacheni mahali pake, na katika kitanga kile kile kilichokuwa na bidhaa tieni mawe ya mizani mpaka mtange utulie tena. Mawe hayo ndiyo uzito wa kweli, hata mikono ikiwa haina usawa hata kidogo. Kwa nini? Kwa kuwa bidhaa na mawe vimekaa zamu kwa zamu kwenye mkono mmoja, vikashindana na mchanga mmoja. Mkono ukiwa mrefu au mfupi, wote wawili wametendewa sawa. Hii ndiyo haki hasa.

Kuna namna nyingine ya mizani, ambayo bidhaa hukaa karibu na egemeo, na jiwe dogo hutelezeshwa juu ya mtange mrefu wenye alama. Kitu kizito chenye mkono mfupi chashindana na jiwe jepesi lenye mkono mrefu, kama ule mzega wetu wa mwanzo. Hapa hapana pande za kubadilisha. Basi hila huingia katika jiwe. Jiwe lipaswalo kuwa na kilo 2 likitiwa risasi kwa siri likawa kilo 2 na gramu 100, halitahitaji kwenda mbali ili kusawazisha mzigo. Litasimama penye alama ndogo, na mzigo wa kilo 100 utasomwa kilo 95 hivi.

Kuna shahidi mmoja ambaye hapana awezaye kumhonga, naye ni maji. Lita moja ya maji safi ina uzito wa kilo moja, tofauti yake ni ndogo mno. Twaeni dumu tupu mlipime. Kisha litieni lita 20 za maji kwa kipimo cha kweli cha lita, kama vile vya shuleni, wala msitegemee maandishi ya dumu, kwa kuwa dumu likijazwa mpaka mdomoni huchukua zaidi. Pimeni tena. Kipimo cha pili sharti kizidi cha kwanza kwa kilo 20. Ikiwa mizani yasema 19, mmejua. Jaribio hili lafaa kwa kila mizani: ya vitanga, ya jiwe la kuteleza, ya kamani, na hata hizi za umeme zenye tarakimu za kung'aa, ambazo watu huziamini upesi kwa sababu ya kung'aa kwake.

Hatusemi haya ili kuwafanya watu wawashuku wafanya biashara wote. Wengi ni watu wa haki, na mfanya biashara wa haki hafadhaiki aombwapo kujaribu mizani yake. Hufurahi, maana sifa yake yaongezeka. Tena mizani huharibika pasipo hila ya mtu: egemeo hulika, kutu huingia, mtange hupindika. Aombaye na aombe kwa adabu: "Bwana, tafadhali tubadilishe upande, tuone." Na ikiwa ipo kasoro isiyosahihishwa, serikali zina watu wa kazi hiyo. Katika Tanzania, Wakala wa Vipimo ndio wenye kazi ya kukagua mizani za biashara na kuzipiga chapa. Itafuteni chapa hiyo kabla ya kupima.

Qurani ina sura nzima iliyoitwa kwa jina la wapunjao katika vipimo, na Biblia nayo yaikemea mizani ya hadaa. Dini zimetuamuru tuwe waadilifu. Elimu hii yatuonyesha namna ya kuutambua uadilifu huo katika chuma na mawe. Na wazee wasiojua kusoma wasaidiwe na watoto wao: mwanafunzi aliyejifunza habari ya egemeo na mkono, kisha akamwacha baba yake apunjwe sokoni mbele ya macho yake, elimu yake yamfaa nini?

Kabla hatujaagana, twawaachia wanafunzi swali moja. Mti wa sentimita 300 umekalia gogo, na gogo liko sentimita 50 kutoka mwisho mmoja. Mwisho huo una jiwe la kilo 120. Uzito wa mti uacheni. Je, mtu atakayelikandamiza jiwe hilo kwa kuning'inia mwisho wa pili hana budi kuwa na uzito wa kilo ngapi ili mti utulie? Fanyeni hesabu, kisha tafuteni gogo na mti mjaribu kwa jiwe dogo. Mtakapoona ya kuwa kilo 24 zatosha kutuliza kilo 120, mtaelewa kwa nini mtu mmoja mwenye wenzo mrefu aweza kulitikisa jiwe ambalo watu watano wenye mikono mitupu walishindwa nalo.